Hati za Rabai

Mtu aliyetolewa ndani ya jahazi na manowari ya Kiingereza alihesabiwa huru tangu siku hiyo. Mtu aliyeondoka shambani kwa bwana wake usiku, akapita mwituni kwa miguu yake mpaka akafika kilimani Rabai, huyo aliitwa mtoro, na mtoro alikuwa mali ya watu. Huenda wote wawili walizaliwa kandokando ya Ziwa Nyasa, wakafungwa mnyororo mmoja, wakauzwa Kilwa siku moja. Kilichowatenganisha ni maji ya chumvi. Mkataba ambao Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi tarehe 5 Juni 1873, huku akitishiwa kuzingirwa na manowari, ulikataza kusafirisha watumwa baharini na ukafunga masoko ya kuwauzia. Utumwa wenyewe haukuguswa. Aliyekuwa na watumwa shambani aliamka kesho yake akiwa nao vilevile, kwa haki kamili ya sheria ya nchi.

Nimeanza hapo kwa sababu asiyelishika jambo hili hataelewa kwa nini miezi ya mwisho ya 1888 watu wa Kisauni walilala macho wazi, wala kwa nini amani iliyopatikana ilikuwa ya namna ile. Ni habari ya padre mzee aliyerudi pwani mara ya tatu, mchungaji Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, mkuu wa kampuni ya biashara, wenye mashamba wa Mombasa na Takaungu, na watu zaidi ya 1,400 ambao hawakuitwa kwenye kikao hata kimoja.

Kisauni ya siku hizo ilikuwa ng'ambo tupu ya kisiwa cha Mvita: minazi, miembe, mashamba, na njia nyembamba za kwenda Nyali na Mtwapa. Hakukuwa na daraja. Ulivuka kwa mashua. William Salter Price alifika Mombasa Novemba 1874, ametumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, CMS, kutafuta ardhi ya kuwaweka watu watakaookolewa na manowari. Wazo lilikuwa la Sir Bartle Frere, aliyekuja Unguja mwaka 1873 kumshawishi Sultani. Price alikuwa ameitumikia India miaka mingi. Huko Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, aliendesha makao ya vijana Waafrika waliookolewa baharini na kupelekwa Bombay, wakafundishwa kusoma, useremala na uhunzi.

Alipokelewa na mizinga. Januari 1875 Akida Muhammad bin Abdallah, mkuu wa askari wa Ngome, aliasi dhidi ya Sultani. Manowari mbili za Kiingereza, Rifleman na Nassau, zikaipiga Ngome Kongwe mpaka Akida akasalimu amri. Price alikuwa papo hapo. Moshi ulipotulia alirudi kwenye kazi iliyomleta, akajadiliana na wenye ardhi wa Kisauni mmoja baada ya mwingine, akanunua. Kijiji kikaitwa Frere Town. Mwaka huohuo manowari Thetis ikashusha watu zaidi ya 200 waliotolewa majahazini, wengi wao wakiwa Wayao, Wanyasa na Wamakua, wasiojua Kiswahili wala wasio na ndugu karibu. Wakagawiwa viwanja, wakajengewa nyumba za kupangana mistari, wakapewa vipande vya kulima.

Waliowapokea hawakuwa Wazungu peke yao. Price alikuwa amewaita vijana wake wa India, wale ambao mpaka leo vitabu vya historia vinawaita Waafrika wa Bombay. Ndio waliokuwa mafundi, walimu na wakalimani wa Frere Town: George David, Ishmael Semler, William Jones. Kwa muda alikuwamo pia Jacob Wainwright, aliyeusindikiza mwili wa David Livingstone mpaka Uingereza mwaka 1874. Watu hawa walivaa suruali, walizungumza Kiingereza na Kihindustani, na walijua kwa ngozi zao wenyewe maana ya kushikwa utotoni na kuuzwa.

Leo matatu ikitoka mjini na kuvuka daraja la Nyali, abiria humwambia makanga, "Nishushe Kengeleni." Wengi hushuka, wakavuka barabara, wakaenda zao. Kengele yenyewe ipo, imening'inia kwenye mnara mdogo wa mawe ya matumbawe uliochorwa matao, katikati ya honi, tuktuk na wauza miwa. Nimesimama hapo mara nyingi nikingoja gari. Wenyeji husimulia kwamba ilipigwa kuwaita watu kanisani, na pia kuwatahadharisha kila ilipoonekana hatari ikija kutoka majini. Hatua chache kutoka hapo liko kanisa la Emmanuel. Kwa masikio ya siku hizi habari ya kengele ya hatari inaweza kuonekana ni pambo la masimulizi. Si pambo. Frere Town ilikuwa imekaa mbele ya macho ya mji mzima, upana wa mkono wa bahari tu, na mji ule uliishi kwa jasho la watumwa.

Rabai ni habari nyingine. Huko ndani, juu ya vilima vya Wamijikenda, Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walianzisha kituo mwaka 1846. Miaka miwili kabla yake Krapf alikuwa amemzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga huku ng'ambo, upande wa Nyali, miezi michache baada ya kufika. Kwa karibu miaka 30 Rabai ilikuwa kituo kidogo, chenye waumini wa kuhesabika kwa vidole. Kilichoijaza hakikuwa mahubiri, ilikuwa mtama.

Kuanzia miaka ya 1860 mashamba ya Malindi na Takaungu yalipanuka haraka sana. Mtama, ufuta na nazi vilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na kisiwani Unguja. Kila shamba jipya lilitaka mikono, na mikono ililetwa kutoka kusini. Kila palipo na mashamba makubwa palikuwa pia na watoro, na nyuma ya pwani hii palikuwa na mwitu wa kutosha kuwaficha. Walijenga vijiji vyao wenyewe. Maarufu zaidi ni Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, ambapo watoro walikusanyika wakimzunguka Mgiriama aliyebatizwa, David Koi. Mwaka 1883 David Koi alikamatwa na kuuawa. Wengi wa waliosalia walijua kilima kimoja tu cha kukimbilia.

Msomaji aone hapa mkwamo wa wamishonari. Waliishi katika nchi ya Sultani kwa hisani ya Sultani. Balozi wa Kiingereza kule Unguja aliwaambia zaidi ya mara moja: wale wanaoletwa na manowari ni wenu, watoro si wenu. Wakaahidi kutowapokea. Lakini ahadi iliyoandikwa ofisini ni jambo moja, na mama mwenye mtoto mgongoni na alama ya pingu kifundoni, amesimama mlangoni jua likizama, ni jambo jingine. Misheni yenyewe haikuwa na mikono safi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko kuhusu viboko na vifungo walivyopewa wakazi wa Frere Town na msimamizi wao Mzungu yalifika mpaka kwa balozi, uchunguzi ukafanywa, msimamizi akaondoka. Nalitaja hili kwa sababu watu walioachwa huru hawakuwa watoto wa kuongozwa. Walijua kudai, na walijua tofauti ya uhuru na kubadilishiwa bwana.

Rabai iliangukia mikononi mwa William Jones. Yeye na Semler waliwekewa mikono na Askofu James Hannington mwaka 1885, Waafrika wa kwanza kuingizwa katika huduma ya kanisa la Kianglikana upande huu. Mwaka huohuo Hannington aliondoka Rabai kwa miguu kwenda Uganda, na Jones alikuwa mwandani wake njiani. Kule Kavirondo Askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na watu wachache. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Jones ndiye aliyewarejesha waliobaki, mamia ya maili kwa mguu. Februari 1886 walitokea Rabai wakiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa kwa herufi nyeupe neno la Biblia, Ikabodi: utukufu umeondoka. Mtu aliyepita njia ile hakuwa mtu wa kutishwa na waraka wa ofisini. Watoro walipokuja, Jones aliwapokea. Waliojenga walijenga, waliolima walilima, na idadi ikapanda mwaka hadi mwaka, huku Frere Town na London wakiambiwa kidogo kuliko kilichokuwapo. Wapo wanaomlaumu kwamba aliwaficha wakubwa wake jambo lililokuja kuhatarisha roho za wengi. Mimi siwezi kumlaumu. Mtoto aliyewahi kuuzwa, akakua akawa mchungaji, angewezaje kusimama mlangoni na kusema rudini?

Basi ukaja mwaka 1888. Machi alikufa Sultani Barghash, na mwezi huohuo alikufa Askofu Parker, mrithi wa Hannington, kusini mwa Ziwa Viktoria. Misheni ya pwani ikabaki bila askofu. London ikamwomba Price, ambaye umri ulikuwa umekwenda, arudi mara ya tatu.

Agosti vita vikaanza kusini. Kampuni ya Kijerumani ilikuwa imekodishiwa pwani na Sultani mpya, Khalifa, na huko Pangani mwakilishi wake, Emil von Zelewski, aliingia kwa kiburi ambacho watu hawakukisahau. Alitaka bendera ya kampuni ipande, akamdharau liwali, na watu wake waliingia msikitini na viatu na mbwa siku za Idi. Pwani ikawaka. Abushiri bin Salim al-Harthi akashika uongozi Pangani, Bwana Heri akasimama Saadani, na moto ukashuka hadi Kilwa na Lindi. Hasira ya watu ilikuwa na sababu zake, nyingi za haki: nchi yao ilikuwa imekodishwa juu ya vichwa vyao. Humo humo ilikuwamo pia hasira ya wenye watumwa.

Mombasa ilikuwa siku chache tu kwa jahazi kutoka Pangani, na habari zilifika kila kusi ilipoleta chombo. Mwezi Oktoba ikafika kampuni ya Kiingereza, iliyopewa hati ya kifalme Septemba 3, ikiongozwa na George Mackenzie. Watu wa Mombasa waliona kilekile walichokiona wenzao wa Pangani: Wazungu wa kampuni wanashuka bandarini na karatasi ya Sultani mkononi. Na hapa palikuwa na nyongeza ambayo Pangani haikuwa nayo. Ng'ambo ya maji kilikuwapo kijiji cha Wazungu wa dini, na nyuma yake kilima ambacho kila mwenye shamba alijua mtumwa wake yuko huko. Minong'ono ilikuwa wazi: Frere Town na Rabai ziangamizwe kwanza. Waliokuwa Kisauni siku zile hawakuwa na ukuta. Walikuwa na kengele.

Kilichofuata ndicho ninachotaka kukikalia, kwa sababu vita vinavyoepukwa haviandikiwi sana.

Mackenzie alikuwa mfanyabiashara aliyeishi miaka mingi katika Ghuba ya Uajemi, na alijua kukaa barazani. Hakugombana kuhusu bendera. Ya Sultani iliachwa ipepee. Alitembelea wakubwa wa mji, akasikiliza, na kila alipokaa alisikia shtaka lilelile: misheni inatuibia watu. Alipomuuliza Price, Price alijibu kwa moyo mweupe kwamba misheni haikuhifadhi watoro. Ndivyo alivyoamini. Sultani akamtuma Jenerali Lloyd Mathews, mkuu wa majeshi yake, ili jambo lichunguzwe mbele ya mashahidi, na orodha ikaanza kuandikwa. Kilimani wakatokea watoro kwa mamia. Kwenye vituo vya Wamethodisti, Ribe na Jomvu, wakatokea wengine. Mzee Price aliona neno lake limevunjika mbele ya Waarabu, mbele ya balozi, mbele ya wote, na kwa mtu wa namna yake hilo lilikuwa pigo zito.

Sasa kila upande ulikuwa na haki yake, na hiyo ndiyo sababu jambo lilikuwa gumu. Wenye mashamba walisema, na kwa sheria ya nchi walisema kweli: hawa ni wetu, tuliwanunua kwa fedha, na wengi wetu tumefilisika tangu waondoke. Wamishonari walisema hawawezi kumfunga mtu aliyebatizwa na kumkabidhi kwa bwana wake. Kampuni ilitaka njia ya kwenda bara bila risasi. Serikali ya Uingereza haikutaka kuonekana inavunja mali za raia wa Sultani, wala haikutaka magazeti ya London yaandike kwamba imewarudisha Wakristo utumwani. Watoro wenyewe walikuwa kilimani na pinde zao na bunduki chache, na haikuhitajika kuwauliza kama wangerudi kwa hiari.

Suluhu ya Mackenzie ilikuwa fidia. Wote waliokutwa kwenye vituo vya misheni wangekombolewa kwa mpigo mmoja, mabwana zao wangelipwa, na kila aliyekombolewa angepewa hati yake. Jumla ilifika karibu pauni 3,500, ambayo kampuni, serikali ya Uingereza, marafiki wa CMS na Wamethodisti waliichanga pamoja. Gawanya kwa watu 1,400 na ushee, utaona ni kama pauni mbili na nusu kwa roho moja.

Ilikubalika upesi kuliko wengi walivyotazamia. Kwa wenye mashamba fedha ya mkononi ilikuwa bora kuliko mtumwa aliye kilimani, na wengi walikuwa wamekata tamaa ya kupata chochote. Lakini sidhani ilikuwa fedha tupu. Kumwacha mtumwa huru ni thawabu katika Uislamu, na kumkomboa mtu kwa mali ni njia ambayo dini inaitambua na kuisifu. Pendekezo halikuwafanya wakubwa wa Mombasa waonekane wameshindwa na Wakristo. Lilikuja kwa lugha waliyokuwa nayo tayari: mali, fidia, hati, mashahidi. Kule Pangani Mzungu alikuwa ameingia msikitini na viatu. Hapa alivua viatu, akaketi, akauliza bei. Kati ya mambo hayo mawili ndimo zilimopita roho nyingi za watu wa Kisauni.

Tusidhani Mombasa ndiyo pekee iliyotafuta njia. Desemba 2, 1888, manowari za Kijerumani na Kiingereza zilianza kuizingira pwani. Bagamoyo ikawa uwanja wa mapigano, na misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868 ikiwa nayo ni kijiji cha waliokombolewa utumwani, ilijaza wakimbizi kwa maelfu, Waislamu na wasio Waislamu, ndani ya minazi yake. Mkuu wao, Padre Étienne Baur, alikuwa na heshima kwa pande zote, na Abushiri aliacha misheni ile isiguswe. Januari 13, 1889, wapiganaji walipoishambulia misheni ya Wabenediktini ya Pugu, wakaua watatu na kuchukua mateka, ni mapadre wa Bagamoyo waliokwenda kuzungumza mpaka waliosalia wakakombolewa kwa fedha. Siku chache baadaye, karibu na Saadani, mmishonari wa CMS aitwaye Arthur Brooks aliuawa pamoja na watu wake akijaribu kufika pwani. Msomaji akiweka tarehe hizo kando ya ile ya Rabai ataona ukingo uliokuwa karibu kiasi gani.

Tarehe ya Rabai ilikuwa Januari 1, 1889. Kanisa la mawe la Rabai lilikuwa bado jipya. Watu walikusanyika kilimani tangu asubuhi, wazee waliopoteza hesabu ya miaka yao ya utumwa, wanawake na watoto waliozaliwa palepale Rabai ambao hawakuwahi kumwona huyo aliyeitwa bwana wao, lakini kwa sheria walikuwa wake kama ndama ni wa mwenye ng'ombe. Hati zikagawiwa. Kipande cha karatasi chenye jina la mtu, kisemacho huyu ni huru. Wengi wa waliopokea hawakujua kusoma, ila walijua kukunja. Karatasi ya namna ile hukunjwa mara nne, hutiwa katika kitambaa, na kitambaa hufungwa pale ambapo mwili hausahau.

Katika historia yote ya pwani hii sijui siku nyingine ambayo watu wengi kiasi hicho waliachwa huru kwa mapatano, bila risasi. Frere Town haikuchomwa. Mombasa haikupigwa mizinga. Wenye mashamba na wamishonari, ambao kwa miaka 14 walikuwa wakitazamana kwa jicho la pembe, walianza kualikana. Mwaka ule ule uliomalizika kwa Abushiri kunyongwa Pangani, Desemba 15, 1889, huku kwetu watu walipanda mtama wao na kuuvuna. Hilo si dogo.

Lakini mapatano yalikuwa na ibara nyingine. Misheni ilifunga mlango. Waliokuwa ndani siku ya kuandikwa walikuwa huru, na atakayekuja baadaye asipokelewe. Price aliyakubali masharti hayo, na nadhani aliyakubali kwa nia njema, kwa kuwa alikuwa ameona neno lake likiaibishwa na hakutaka liaibishwe tena. Safari hii lilishikwa. Mtu aliyekuwa Takaungu akingoja mwezi utoke ndipo aondoke, akaondoka wiki moja baada ya mwaka mpya, huyo alikuta kilima kilekile, kanisa lilelile, watu waliotoka shamba moja naye wakiwa na hati zao kiunoni, na mlango umefungwa. Wakombolewa wa jana walitakiwa wasimhifadhi mtoro wa leo. Nikilitafakari hilo, furaha ya Januari 1 hunikwama kooni. Amani ilikuwa ya kweli. Aliyelipa sehemu yake kubwa hakuwa kampuni wala marafiki wa misheni kule London. Alikuwa mtu yule aliyechelewa wiki moja.

Watoro hawakuacha kutoroka kwa sababu kampuni imelipa. Walirudi kwenye vijiji vya mwituni. Mapema mwaka 1890 Frederick Lugard, aliyekuwa ametumwa na kampuni kufungua njia ya Mto Sabaki, alikuta watoro wa Fuladoyo wamejaa tena. Hakukuwa na pauni nyingine 3,500. Akafanya mpango kwamba wafanye kazi ya mshahara na kujikomboa wenyewe kidogo kidogo. Yaani yule aliyeibiwa nguvu zake miaka kumi sasa aiuze nguvu iliyobaki ili amlipe aliyemwibia. Mei 1, 1890, Mackenzie alitangaza kwamba watu wa makabila ya bara yaliyo chini ya kampuni, Wagiriama na Wakamba miongoni mwao, hawawezi kufanywa watumwa. Tangazo jema, ila halikumgusa Myao wala Mnyasa aliyekwisha kununuliwa.

Amani ile ilidumu miaka sita. Februari 1895 alifariki Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu, Waingereza wakachagua mrithi waliyemtaka wao, na ukoo wa Mazrui ukagawanyika. Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gasi akaingia vitani. Safari hii hapakuwa na baraza wala fidia. Agosti manowari zilitoa askari wao wakaivunja ngome ya Mwele, mapema 1896 vikaletwa vikosi kutoka India, na Aprili Mbaruk akavuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani. Njia kati ya Rabai na pwani haikuwa salama kwa miezi mingi, mashamba yaliachwa, na watu wa Kisauni wakarudi kulala wakisikilizia kengele. Njia ya 1888 ilikuwapo, na watu walioijua walikuwa hai. Serikali mpya, iliyotangaza himaya yake Julai 1, 1895, iliona njia ya bunduki ni fupi zaidi.

Utumwa ulipoteza nguvu ya sheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Serikali ilifanya kama Mackenzie: iliwalipa mabwana. Frere Town ilikuwa imeshakuwa na chuo chake cha wachungaji tangu 1903, ambacho kilihamia Limuru mwaka 1930 na leo ni chuo kikuu. Mwaka 1931 likawekwa daraja la kuelea la Nyali, na mashua za kuvukia zikaanza kusahauliwa. Mwaka 1934 James Juma Mbotela, mtoto wa Frere Town, akachapisha Uhuru wa Watumwa, habari za watu wake tangu kutekwa hadi manowari ilipowakuta baharini na kuwaleta Kisauni. Mwanawe, Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Frere Town mwaka 1940, alikuja kuwa sauti iliyojulikana Kenya nzima redioni; alifariki Februari 2025.

Uhuru wa Watumwa ni kitabu cha watu wa bahari. Wale wa nchi kavu, waliokuja Rabai kwa miguu, waliandikwa miezi ile ya mwisho ya 1888, mmoja mmoja, jina la mtu na jina la aliyemdai, ili fedha ijue pa kwenda.